Upande wa Nne Hauna Ua

Kama ulisoma shule ya msingi Nairobi au pembeni mwake, najua umefika Mbuga ya Taifa ya Nairobi. Au unadhani umefika. Unakumbuka ile safari: basi la shule, soda moja, mkate uliopakwa siagi ukafungwa kwenye karatasi ya nailoni, mstari wa wawili wawili mkishikana mikono. Mkaingia yale makao ya wanyama yatima pale kwenye lango kuu, mkamwona simba amelala nyuma ya seng'enge, mkapiga kelele, mwalimu akawakemea, mkarudi nyumbani. Mimi nilimwambia mama nimetoka mbugani. Kumbe nilikuwa nimetoka mlangoni tu. Makao yale yalifunguliwa mwaka 1964. Mbuga yenyewe, kilomita 117 za mraba, inaanzia nyuma yake.

Mwaka huu nimeingia ndani kwa kweli, nikiwa mtu mzima mwenye kulipa kodi ya nyumba. Na ile safari imenifanya nisome historia usiku kucha kama mtu anayejitayarisha kwa mtihani. Wacha niwaeleze kwa nini.

Tulichanga pesa watu sita, tukakodi gari lenye paa la kufunguka, tukaingia alfajiri. Upande wa magharibi, karibu na Lang'ata, ni msitu. Giza la miti, nyani barabarani, baridi ya kukufanya ujutie kuacha sweta. Halafu msitu unaisha ghafla, na mbele yako ni nyasi tu hadi macho yachoke. Miti ya migunga imesimama mmoja mmoja, ile midogo yenye miiba mirefu na vinundu vyeusi ambavyo upepo ukipita vinapiga mluzi. Magharibi unaiona milima ya Ngong. Ukigeuka nyuma, majengo ya jiji yamejipanga kama meno.

Tuliona twiga, bila shaka tukapiga ile picha kila mtu hupiga, twiga na maghorofa nyuma yake. Tuliona nyati, pofu, kongoni, punda milia, na kifaru mmoja kwa mbali akila nyasi bila haraka. Tembo hakuna, mbuga ni ndogo mno kwao, na wale wachanga unaowaona kwenye video ni yatima wanaolelewa kwenye kituo cha Sheldrick halafu hupelekwa Tsavo wakikua.

Tulipofika kusini kabisa, dereva wetu akazima gari. Chini kulikuwa na mto Mbagathi umepita kwenye bonde lenye mawe na miti ya kijani. Ng'ambo ya mto nikaona nyasi zilezile, migunga ileile. Nikatafuta ua kwa macho. Kaskazini tulikuwa tumeliona, mashariki tumeliona, magharibi tumeliona. Hapa hakukuwa na kitu.

Nikamuuliza, "Mzee, ua la upande huu liko wapi?"

"Upande huu hauna ua, dada."

"Na huko ng'ambo ni wapi?"

Akacheka. "Si umesema mnaishi Kitengela? Huko ni kwenu."

Jamani, mimi ninaishi Kitengela miaka minne. Ninapanga nyumba ya vyumba viwili, ghorofa ya tatu, maji kwa zamu. Hakuna siku nimewahi kufikiri kwamba ninaishi upande wa nne wa mbuga ya wanyama.

Sasa turudi nyuma kidogo.

Jina la Nairobi lenyewe tulipewa na Wamaasai: Enkare Nairobi, maji baridi. Kabla ya reli kufika hapa mwezi wa Mei 1899, hili lilikuwa eneo la mito na matope ambapo wafugaji walinywesha mifugo. Kusini mwake zilitandaza nyanda za Athi na Kapiti, na humo ng'ombe na nyumbu walilisha pamoja. Usidhani ni hadithi za kusifia wazee. Ilikuwa hesabu ya kawaida ya maisha. Wamaasai kwa kawaida hawakula nyama pori, walikuwa na ng'ombe wao. Mnyama wa porini hakuwa kitoweo, na simba akileta ujinga alikutana na mkuki. Waliishi hivyo, kila mmoja akimjua mwenzake.

Wanyama nao walikuwa na ratiba. Mvua ikinyesha, nyumbu na punda milia walishuka kusini kwenye nyasi fupi zenye chumvichumvi nzuri kwa mama anayenyonyesha. Kiangazi kikibana, walipanda tena kaskazini kwenye mito isiyokauka. Kwenda na kurudi, mwaka baada ya mwaka, kama watu wanaotoka mjini kwenda mashambani Desemba. Kaskazini ndiko kuliko mbuga leo. Kusini ndiko Kitengela, Isinya na kwingineko.

Wakoloni walipofika, kwanza waliwahamisha watu. Mkataba wa mwaka 1904 uliwatoa Wamaasai kwenye Bonde la Ufa, kule Naivasha na Nakuru, ukawagawa: wengine Laikipia, wengine kusini mwa reli. Mkataba wa 1911 ukawatoa hata huko Laikipia na kuwasukuma kusini. Mwaka 1913 Wamaasai walienda mahakamani. Soma hiyo sentensi tena. Mwaka 1913, kabla ya babu zetu wengi kuzaliwa, watu walienda mahakamani kudai ardhi yao kwa sheria. Mahakama ikasema mkataba ule si jambo inaloweza kuliamua, kesi ikatupwa. Mashamba ya Bonde la Ufa yakabaki ya masetla.

Kwa hiyo ile nchi ya kusini ambayo wageni waliiona kama pori lisilo na mwenyewe ilikuwa makazi ya watu ambao tayari walishahamishwa mara moja au mbili. Serikali ya kikoloni ilikuwa pia imelitangaza eneo hilo kuwa hifadhi ambayo haikuruhusu uwindaji, lakini Wamaasai waliendelea kukaa humo na kulisha. Nairobi nayo ikawa inakua. Pembeni mwa mji palikuwa na ardhi ya malisho ya pamoja, na humo simba, pundamilia na ng'ombe walichanganyika hadi karibu na nyumba za watu.

Hapo ndipo anaingia Mervyn Cowie. Alikuwa mtoto wa masetla, alizaliwa hapa mwaka 1909, akasomea Uingereza, akawa mhasibu. Aliporudi mwaka 1932 alikuta wanyama wa nyanda zile wamepungua: mashamba yanaongezeka, watu wanawinda, mji unakula nyasi. Akaanza kuisumbua serikali itenge mbuga. Hakuna aliyemsikiliza.

Akafanya kitu ambacho sisi wa mitandaoni tungekitambua mara moja. Aliandika barua gazetini kwa jina la uongo, akajiita Setla Mzee, akadai kwamba wanyama wote wa porini wauawe waishe, kwa sababu ni kero kwa mifugo na mashamba. Watu wakaruka! Barua za hasira zikamiminika, mikutano ikaitishwa, wale waliokuwa kimya jana wakawa watetezi wa simba leo. Hiyo ndiyo hali aliyoitaka. Serikali ikaunda kamati. Vita vya Pili vya Dunia vikachelewesha mambo, jeshi likatumia sehemu ya eneo lile kwa mazoezi ya kufyatua risasi na mizinga, lakini sheria ikapita mwaka 1945, na Desemba 1946 Nairobi ikapata mbuga, ya kwanza katika nchi hii. Cowie akawa mkuu wa mbuga zote za taifa kwa karibu miaka 20.

Nitakuwa mkweli. Niliposoma kisa cha barua ile nilicheka, na nikampenda. Huyo ni mchokozi wa kiwango cha juu. Bila yeye leo pale pangekuwa na mitaa, maghala na hoteli za nyama choma. Sitamnyima sifa yake.

Lakini nikarudi kusoma tena nikajiuliza: ile kelele yote ya gazetini, nani alikuwa akizungumza na nani? Setla alimchokoza setla, setla akajibu, serikali ya masetla ikaamua. Mfugaji aliyekuwa akilisha pale hakuandika barua. Hakuna aliyemwandikia. Mbuga ilipochorwa, alitolewa yeye na ng'ombe wake, na mto ukawa mpaka: ndani wanyama na wageni, nje wewe na mifugo yako.

Na hapa ndipo penye jambo ambalo hatukufundishwa shuleni. Mpaka ule uliwafunga watu, haukuwafunga wanyama. Wale nyumbu waliendelea na ratiba yao. Mvua ikinyesha walivuka mto, wakaenda kula na kuzaa kwenye ardhi ya Wamaasai Wakaputiei. Simba wakawafuata, kama kawaida. Kiangazi wakarudi. Yaani mbuga ilikuwa nusu ya nyumba. Nusu nyingine ilikuwa kwa watu ambao hawakuulizwa, hawakulipwa, na walikuwa wakipoteza mbuzi. Mbuga ya Nairobi imedumu karibu miaka 80 kwa mgongo wa upande wa nne. Hayo ndiyo maoni yangu, na sitayaondoa.

Twende kwenye moto, maana huo mnaujua.

Si mbali na lango kuu kuna mahali pa kumbukumbu ambapo pembe za ndovu zilichomwa. Tulisimama hapo tukaona lundo la majivu meusi. Tarehe 18 Julai 1989, Rais Moi aliwasha moto tani 12 za pembe. Miaka ya mapema ya 1970 Kenya ilikuwa na ndovu zaidi ya 160,000. Kufikia 1989 walikuwa wamebaki kama 16,000. Fikiria darasa la watoto kumi, anabaki mmoja. Richard Leakey ndiye aliyekuwa amepewa kazi ya kuwaokoa mwaka huo, na wazo lilikuwa ulimwengu uone nchi maskini ikichoma mali ya mamilioni ya dola badala ya kuiuza. Ulimwengu uliona. Miezi michache baadaye biashara ya pembe ikapigwa marufuku kimataifa. Tarehe 30 Aprili 2016, Rais Uhuru Kenyatta akachoma tena palepale, safari hii tani 105 za pembe za ndovu na zaidi ya tani moja ya pembe za kifaru.

Nilisimama pale nikahisi fahari, sitadanganya. Moto ule ulikuwa kitu. Lakini moto unapigwa picha. Marais wanakuja, kamera zinakuja, dunia inapiga makofi. Kifo kilichokuwa kikitokea kilomita chache kusini hakikuwa na moshi. Kilikuwa na kigingi cha mbao, kamba, na mpima ardhi.

Ilikuwa hivi. Mwaka 1968 ilipita sheria ya ranchi za pamoja. Wamaasai wa Kajiado wakapata hati za kumiliki kama kundi. Ilionekana kama ulinzi, na kwa muda ilikuwa. Miaka ya 1980 ranchi ya Kitengela ikagawanywa, kila mwanachama akapewa kipande chake. Sababu zilikuwa nzuri tu: watu waliogopa viongozi wa kundi watauza bila wao kujua, walitaka hati ya kukopea benki, walitaka kitu cha kuwaachia watoto. Nani hataki hati?

Lakini nyumbu hasomi hati. Kipande kikiwa cha mtu mmoja, mtu anaweza kukizungushia ua. Anaweza kuuza robo, akalipe karo au hospitali. Mwaka 1990 eneo la viwanda vya kuuza nje likaanza Athi River, wafanyakazi wakahitaji pa kulala, Kitengela ikafumuka. Ukame ukija ng'ombe wanakufa, ekari mbili zinauzwa. Mtoto anaingia chuo, ekari tano zinauzwa. Mnunuzi anakata ploti za 50 kwa 100, anapanda vigingi, anachapisha tangazo: "Hati ziko tayari." Nyumbu waliokuwa wakishuka kwa makumi ya maelfu katika nyanda za Athi na Kapiti wamebaki sehemu ndogo sana. Hakuna jangili aliyewamaliza kwa bunduki. Walikosa njia.

Nani alinunua ploti zile? Mimi na wewe. Au mwenye nyumba wangu, na mimi nikapanga. Ile ghorofa yangu ya tatu imekaa kwenye njia ya kwenda kujifungua. Huu ni ukweli ambao sikuutaka siku ya Jumamosi.

Na wanyama waliobaki wakakutana na watu wapya na mabati mapya. Juni 2012, simba waliingia kwenye boma kule Ilmasin, Kitengela, wakaua mbuzi. Wenyeji wakawazunguka, wakawaua simba sita kwa mikuki, wakiwemo watoto wao. Picha zilisambaa, na watu wa Nairobi wakatukana. Machi 2016 simba aliyejulikana kwa jina la Mohawk, kwa zile nywele zake, alizurura hadi Isinya, akazungukwa na umati, akamjeruhi mtu, askari wa wanyamapori wakampiga risasi. Tukatukana tena.

Mimi nilikuwa mmoja wa waliotukana, nilikuwa mdogo lakini nilikuwa na simu. Leo ningeuliza swali moja tu: yule aliyepoteza mbuzi, nani alimlipa, na lini? Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 inasema mtu akiuawa na mnyama familia ilipwe shilingi milioni 5, na mifugo pia imetajwa. Ni sheria nzuri kwenye karatasi. Lakini kila mtu anayeishi karibu na wanyama nchini anajua madai yanavyokaa miaka. Mbuzi wako ameliwa usiku mmoja, fidia inakuja mtoto akiwa amemaliza shule bila karo. Halafu mtu wa Kileleshwa anakwambia uwapende simba.

Sitaki kumaliza kwa kulia lia, kwa sababu upande wa nne pia una akili zake. Kuna kijana anaitwa Richard Turere. Alikulia pale kusini, ukingoni mwa mbuga, na kazi yake ilikuwa kulinda ng'ombe wa baba yake. Simba walikuwa wakija usiku. Alijaribu moto, simba wakapata mwanga wa kuonea zizi vizuri zaidi. Akajaribu sanamu ya mtu. Simba walikuja siku ya kwanza wakaiona, siku ya pili wakagundua haisogei, wakala ng'ombe. Usiku mmoja akiwa anatembea na tochi zizini, simba hawakuja. Akaelewa: wanaogopa mwanga unaotembea. Akachukua betri kuukuu ya gari, paneli ya sola, kile kisanduku kinachowasha taa za kukata kona kwenye pikipiki, na balbu za tochi zilizovunjika, akazifunga kuzunguka zizi zikiwaka na kuzima kwa zamu. Alikuwa na miaka 11. Simba wakaacha kuja kwa baba yake. Majirani wakamwita awafungie na wao. Mwaka 2013, akiwa na miaka 13, alisimama California akaeleza hayo kwa Kiingereza cha kujifunza mbele ya umati wa watu.

Sasa linganisha. Cowie aliandika barua ya uongo na mbuga ikazaliwa. Turere alifunga balbu na simba wakapona, ng'ombe pia wakapona. Mmoja ana sura nzima kwenye vitabu. Mwingine tunamtaja kama kituko cha kufurahisha, mtoto mwenye kipaji. Mimi naona wote wawili wameifanyia mbuga hii kazi ileile, na wa pili alifanya bila kumtoa mtu kwake.

Kulikuwa na jaribio lingine nzuri. Mwaka 2000 ulianza mpango wa kuwalipa wenye ardhi wa kusini dola 4 kwa ekari kwa mwaka, wakikubali kutozungusha ua, kutouza vipande, na kuacha wanyama wapite. Pesa zilipangwa zilipwe wakati wa karo, na familia nyingi zilijiunga. Lakini pesa zile zilitegemea wafadhili, na bei ya ardhi Kitengela haikumngoja mfadhili. Ukiweka dola 4 upande mmoja na bei ya ploti upande wa pili, huhitaji kuwa mhasibu kama Cowie kuona nani atashinda.

Kaskazini nako hakukutulia. Barabara ya Southern Bypass imepita kando. Reli ya SGR, ile ya kwenda Naivasha iliyozinduliwa Oktoba 2019, imepita katikati ya mbuga juu ya daraja la kilomita kama sita. Tulipita chini yake, nguzo kubwa za saruji, na pundamilia wakila kivulini. Dereva alisema wanyama wamezoea. Labda. Mimi sikuzoea.

Na sasa kuna swali la ua. Kila baada ya miaka michache mtu anapendekeza mbuga izungushiwe pande zote, na mwaka 2020 mpango wa usimamizi wa mbuga uliwasha mjadala mkubwa juu ya jambo hilohilo. Wanaounga mkono wana hoja, tuwasikilize: simba hatafika kwa mbuzi wa mtu, jangili hatavuka kirahisi, na njia ya kusini imeshakatwa katwa hata hivyo. Kama ningekuwa mama wa Ilmasin nikisikia ngurumo usiku, ningeweza kusaini leo.

Lakini fikiria kilomita 117 za mraba zilizofungwa kila upande. Wanyama walewale, nyasi zilezile, mvua na kiangazi. Idadi ikizidi nyasi zinaisha. Damu isipoingia mpya vizazi vinadhoofika. Itabidi watu wawalishe, wawapunguze, wawahamishe kwa malori. Hapo tutakuwa tumetimiza ndoto ya ile safari yetu ya darasa la tatu: makao ya yatima, ila makubwa zaidi.

Juzi nilimuuliza mzee mmoja jirani yetu, Mmaasai, ambaye bado ana ekari zake kadhaa nyuma ya mtaa wetu. Hajazungusha ua. Ng'ombe wake hupita karibu na duka la M-Pesa kila jioni, na sisi wapangaji hulalamika juu ya mavi. Nikamwambia, "Mzee, kwani huuzi?"

Akaniangalia kama mtu aliyeulizwa mara nyingi. "Mtoto wangu, nimeuza nusu. Hizi nyingine nimewaachia."

Nilidhani anasema watoto wake. Akaonyesha kwa fimbo kule mtoni. Bado punda milia wachache huja, akasema, mvua ikinyesha vizuri. Nikamuuliza kama kuna mtu anayemlipa kwa hilo. Akacheka na kuendelea kutembea.

Kwa hiyo maoni yangu ni haya, na mniambie nikikosea. Ua la mwisho la Mbuga ya Nairobi si seng'enge, ni wazee kama huyu, na wanazeeka. Watoto wao wana hati mkononi na simu za madalali mfukoni. Kuna jamii zinazojaribu kuunganisha ardhi zilizobaki kusini ziwe hifadhi zao wenyewe, kama Naretunoi, na hao ndio wanaostahili pesa za geti kabla ya mtu kujenga mkahawa mwingine ndani ya mbuga. Serikali ilitoa ardhi ya watu mwaka 1946 bila kuwauliza. Safari hii iwaulize, halafu iwalipe kila mwaka, kwenye bajeti, kama inavyolipa deni la reli. Kaunti ya Kajiado iseme waziwazi wapi ploti zinaishia. Na wewe unayetafuta ploti ya 50 kwa 100 "karibu na mbuga, mandhari safi", muulize dalali swali moja zaidi ya maji na stima: hapa kulikuwa kunapita nini?

Mimi sihami Kitengela, sina pa kwenda, kodi ni ile ninayoweza. Lakini nimeacha kulalamika juu ya mavi ya ng'ombe. Na mvua za mwaka huu zikianza, nimemwomba yule mzee aniite punda milia wakija. Nitapanda kule ekarini kwake kuwaona. Safari hii sitalipa getini. Nitamlipa yeye.